Kwa nini binti "hakufaa": uchambuzi wa kisa cha figo

Kwenye fomu ya kikao cha jopo la upandikizaji, habari zake zilijaa mistari miwili tu. "Mpokeaji, mwanamke, miaka 20. Mchangiaji, mama mzazi. Krosimachi chanya. Hafai kwa sasa." Anayeisoma bila kujua yaliyotangulia atadhani ni habari ya maabara tu, kwamba damu ya binti imeikataa damu ya mama, basi. Lakini karibu kila neno lililoandikwa hapo lina mizizi nje ya maabara, na ukiifuata utapita kwenye chumba cha kupanga Mbagala, msimu wa korosho, kikao cha wajomba na mkataba wa pikipiki.

Niseme mapema kwamba binti huyu si mgonjwa mmoja. Nimemuunganisha kutokana na mambo ambayo sisi maafisa ustawi wa jamii wa vitengo vya figo tunakutana nayo kila mara, ili asitambulike mtu wala hospitali. Yanayohusu tiba, bima na historia ya huduma yenyewe ni kama yalivyo.

Kwa asiyefuatilia, huduma hii nchini bado ni changa. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, ikishirikiana na wataalamu wa Hospitali ya BLK ya New Delhi. Machi 2018 ikafuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, kwa ushirikiano na taasisi ya Tokushukai ya Japani. Kabla ya hapo aliyehitaji figo alipelekwa nje, mara nyingi India, kwa rufaa ya serikali au kwa mfuko wake mwenyewe. Figo inayopandikizwa hapa hutoka kwa ndugu aliye hai. Hatuna orodha ya kitaifa ambayo mgonjwa anaandikwa jina akasubiri figo ya marehemu, kama walivyo nayo Marekani au Uingereza. Foleni ya figo kwetu iko ndani ya familia: nani atajitokeza, nani atamzuia, nani atatangulia kupimwa, na nani atalipa nauli yake.

Alipimwa mimba mara mbili

Binti amezaliwa wilaya ya Nachingwea, mkoani Lindi, kwa mama anayelima korosho na ufuta. Baada ya kidato cha nne alikuja Dar es Salaam kusoma stashahada ya uhasibu, akapanga chumba Mbagala na wenzake wawili. Mwaka wa kwanza haukuisha vizuri. Asubuhi anaamka uso umevimba, jioni viatu havimwingii. Kikafuata kichefuchefu.

Zahanati ya kwanza ilimpima mimba. Hana. Wiki chache baadaye akarudi anatapika, akapimwa mimba tena, akapewa dawa za vidonda vya tumbo. Angalia kilichotokea hapo. Mkojo wake uliingia maabara mara mbili kwenye kikombe, na mara zote mbili ukamwagwa bila mtu kutumbukiza kijiti cha kupima protini, kipimo cha dakika moja ambacho kingeonyesha mara moja kwamba figo zinavuja. Presha hawakumpima kabisa. Binti wa miaka 19 anayetapika ana swali moja tu la kujibu mbele ya mhudumu, na akishalijibu hana lingine.

Tumezoea kuuona ugonjwa wa figo kama matokeo ya kisukari na presha ya miaka mingi, ugonjwa wa wazazi wetu. Kusini mwa Jangwa la Sahara hali si hiyo. Wengi wanaofikia hatua ya mashine ya kusafisha damu ni watu wa umri wa kufanya kazi, na miongoni mwao wamo vijana walioharibiwa vichujio vya figo na maambukizi, na lupasi (ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe) hasa kwa wanawake, au na presha ambayo haikugunduliwa. Wenzake wa chumbani walishuku kingine, kwamba katupiwa kitu na mtu wa nyumbani aliyeona wivu kwa yeye kwenda chuo. Mama mkubwa akatuma dawa ya mizizi kwa basi, ikapokelewa Rangi Tatu. Kama dawa ile ilimwongezea madhara au la, hakuna awezaye kusema. Kinachojulikana ni kwamba ilichukua mwezi mwingine.

Alipofikishwa hospitali kubwa alikuwa anahema kwa shida. Kreatinini, taka ya damuni ambayo figo nzima huichuja, ilikuwa zaidi ya mara kumi ya kiwango cha kawaida, na kwenye kipimo cha mawimbi ya sauti figo zilionekana ndogo, zimesinyaa. Maana yake ugonjwa ulikuwa wa muda mrefu kuliko alivyojua yeye mwenyewe. Usiku uleule akawekewa mpira wa shingoni na kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu.

Hapo alipoteza kitu ambacho hakimo kwenye fomu. Matokeo bora ya upandikizaji hupatikana mgonjwa akipewa figo kabla hajaanza mashine kabisa, na kadiri anavyokaa kwenye mashine ndivyo matokeo yanavyozidi kushuka. Nafasi hiyo ya kwanza ilimwagwa pamoja na vile vikombe viwili vya mkojo.

Kadi inayomtaka awe darasani

Alikuwa na bahati moja. Chuo kilikuwa kimemlipia bima ya mwanafunzi ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, shilingi 50,400 kwa mwaka, na kadi ile ndiyo iliyolipia mashine. Bila kadi, kusafisha damu mara tatu kwa wiki, kila mara karibu laki mbili, ni laki sita kila Jumapili inapofika. Familia yake hupata fedha za maana mara moja kwa mwaka, korosho zinapouzwa mnadani.

Ila kadi ya mwanafunzi inamtaka mwenyewe awe mwanafunzi. Mashine zinamtaka Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kila kipindi kikichukua muda wa saa nne, ukiacha muda wa kusubiri. Akiahirisha mwaka ili atibiwe, jina linatoka kwenye orodha ya chuo, na kadi ya kumtibia inakufa. Akibaki darasani, anakosa mashine. Kwa miezi mingi binti huyu alisoma ili apate matibabu ya ugonjwa uliokuwa ukimzuia kusoma, na sijaona mahali pengine ambapo vijana wetu wa miaka ishirini hivi wanabanwa vibaya kama hapa. Bima yao siku zote inaning'inia kwa mwingine: mzazi, chuo, mwajiri. Toto Afya Kadi ilikuwa ya walio chini ya miaka 18. Mwajiri naye humpata mtu akiwa mzima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inazungumzia mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, lakini kijana anayehama kutoka mlango mmoja kwenda mwingine hahesabiki kwa urahisi kuwa hana uwezo. Yupo katikati tu.

Wauguzi walimsaidia kwa kumhamishia zamu ya usiku. Anaingia saa kumi na mbili jioni, anatoka saa tano kasoro, ananing'inia kwenye daladala ya mwisho ya Mbagala akiwa na kizunguzungu na bandeji shingoni. Mwenzake wa chumbani alikuwa akimngoja kituoni, kwa sababu kichochoro cha kwao hakifai kwa msichana peke yake saa hizo. Wiki za mitihani mwenzake naye alikuwa na mitihani, na binti akakosa vipindi vinne.

Kwenye faili iliandikwa "mahudhurio hafifu". Maneno haya mawili yana uzito mkubwa kikaoni, kwa kuwa jopo linajiuliza, na lina haki ya kujiuliza, kama anayekosa mashine atameza vidonge vya kulinda figo mpya kila siku kwa saa ileile maisha yake yote. Swali la nani anamngoja kituoni halina nafasi kwenye fomu.

Baraza la wajomba

Mama alikuwa tayari tangu siku ya kwanza. Kundi lake la damu ni O, la binti ni A, kwa hiyo kundi halikuwa tatizo. Tulimwandikia aje apimwe. Hakuja. Tukapiga simu, akasema anakuja. Hakuja. Kwenye kitengo wakaanza kusema mama anaogopa, wengine wakasema hampendi mtoto.

Watu wa Nachingwea, Masasi na Newala wangeelewa bila kuambiwa. Kwa Wamwera, Wamakonde na Wayao ukoo kwa asili hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake kuliko baba aliyewazaa. Mambo yamebadilika, ndiyo, na siku hizi baba wengi wanawasomesha watoto wao na kuwaozesha wenyewe. Lakini likija jambo la kukata mwili wa dada ili kumpa mtoto wa ukoo, bado linapita kwa wajomba. Mama asingeweza kupanda basi kwenda kutolewa figo bila neno la kaka zake, kama ambavyo asingeuza shamba. Kaka mkubwa alikuwa Masasi. Nauli hamna mpaka korosho ziuzwe, na minada huanza Oktoba. Tuliandika barua ya kwanza mwezi wa tano.

Kikao kilipokaa, maswali yaliyoulizwa yalikuwa ya akili kuliko mengi tunayouliza sisi. Mjomba alitaka kujua nani atabaki na wadogo wawili mama akipata shida kwenye kisu. Alitaka kujua kwa nini baba mtu, ambaye ana mke mwingine Kilwa, asitangulie yeye. Alitaka kujua kama dini inaruhusu. Hili la mwisho lilikuwa jepesi: Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah Februari 1988, liliruhusu kutoa kiungo ikiwa mtoaji haharibiwi uhai wake, ametoa kwa hiari na hauzi. Sheikh wa msikitini kwao alikuwa na jibu hilohilo. Baba alipatikana, akaja, akapimwa: kundi AB. Hawezi kumpa mwenye A.

Kabla baba hajapimwa, mama alinivuta pembeni. "Mwanangu, hicho kipimo cha Mkemia Mkuu kinaonyesha na baba wa mtoto?" Mchangiaji na mpokeaji hupimwa vinasaba kuthibitisha undugu na kuona tishu zinavyolingana, na kipimo kinachothibitisha kinaweza pia kukanusha. Nikamweleza majibu gani hutolewa na kwa nani. Kwake yeye halikuwa na jambo, lakini nimeshuhudia swali hilohilo, lisipoulizwa kwa sauti, likiifanya familia nzima ikose nafasi ya kuja mjini.

Wajomba walikubali mwezi wa kumi na moja. Tena hawakukubali kwa mdomo tu. Mjomba mkubwa ndiye aliyelipa chumba cha mama jijini. Inaudhi kwamba kwenye fomu yetu ya tathmini ya familia kuna nafasi ya jina la baba, ya mama na ya mwenza, na mwenye uamuzi hana hata mstari. Angeitwa mwezi wa tano kwa jina lake, na kutumiwa nauli, sioni kwa nini tungengoja minada.

Damu iliyotolewa kwa nia njema

Figo zikifa, mwili unakosa kichocheo kinachouamuru utengeneze damu. Mgonjwa wa mashine anapungukiwa damu, anachoka, moyo unaenda mbio. Dawa yake ni sindano za erithropoietini, mara mbili tatu kwa wiki, bila kukatiza. Sindano zisipokuwepo dirishani, au mgonjwa akiambiwa akanunue nje na hana fedha, damu inashuka mpaka gramu tano au nne, na hapo hakuna la kufanya ila kumwongezea chupa ya damu.

Kati ya mwezi wa tano na wa kumi na mbili binti aliongezewa chupa sita.

Kila chupa ilimwokoa, na kila chupa ilikuwa na chembe za mtu mwingine zenye alama za tishu za mtu huyo. Mwili wa kijana una kinga kali. Unazisoma alama hizo, unaziandalia askari, na askari hao hawaondoki. Wanawake wana njia nyingine ya kupata askari kama hao, nayo ni ujauzito, ndiyo maana mwanamke aliyezaa mara kadhaa huwa na wakati mgumu zaidi kupata figo inayomfaa. Binti hajawahi kuzaa. Yeye kinga hiyo aliitengenezewa na dirisha la dawa lililokuwa tupu.

Mama alipopimwa hatimaye, maabara walichanganya seramu ya binti na chembe za mama. Hiyo ndiyo krosimachi. Mtoto hurithi nusu ya alama za tishu kwa mama na nusu kwa baba, kwa hiyo kwa mama kuna nusu nyingine ambayo kwa mwili wa binti ni ya mtu baki. Askari waliotengenezwa na zile chupa walizitambua baadhi ya alama hizo, wakazishambulia. Figo ya mama ingewekwa siku hiyo, ingeweza kufa mezani.

Sasa rudi kwenye ile fomu. "Krosimachi chanya. Hafai kwa sasa." Daktari hakukosea hata herufi moja. Lakini hali ile ya maabara ilitokana na miezi saba ya kungoja nauli na kungoja sindano. Tuna mazoea ya kupanga sababu katika makundi mawili, za kitabibu upande huu na za kijamii upande ule, na kikao kikishasikia sababu ya kitabibu mjadala unafungwa. Katika kisa hiki zile za kijamii zilipewa muda wa kutosha mpaka zikageuka kuwa za kitabibu. Kinachonisumbua ni kwamba zikishageuka hakuna anayezihesabu tena. Kwenye takwimu za mwaka huyu ni mgonjwa aliyekosa mchangiaji anayelingana.

Siwezi kuapa kwamba mwezi wa tano krosimachi ya mama ingekuwa hasi. Ila mwezi wa tano alikuwa hajaongezewa damu hata mara moja.

Hesabu ya wiki

Kaka yake ana miaka 26, anaendesha bodaboda Tandika. Kundi lake ni A. Kwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, kuna nafasi moja kati ya nne kwamba tishu zitalingana kikamilifu, mbili kati ya nne kwamba zitalingana nusu, na moja kati ya nne kwamba hazitalingana kabisa. Ukilingana kikamilifu, wale askari hawana cha kushambulia. Kwa mgonjwa mwenye kinga iliyoamshwa kama binti, ndugu wa namna hii ni tunu.

Hakuja kupimwa kwa miezi miwili. Simu anapokea, anaitikia vizuri, haji. Kitengo kilikuwa kimeshaandika kwamba mchangiaji wa pili hana utayari. Nilipomfuata kijiweni alizungumza waziwazi, ameegemea tangi la mafuta, hana haya wala hasira.

"Dada, figo nitampa. Ni mdogo wangu yule. Ila hii pikipiki ni ya mkataba. Elfu kumi kila siku, mwaka mzima, ndiyo inakuwa yangu. Nimeshapeleka miezi tisa. Nikilala wodini wiki mbili bila hesabu bosi anaichukua, na miezi yangu tisa imekwenda. Hesabu ya wiki nikiwa nimekatwa tumbo, atanilipia nani?"

Anayetolewa figo anashauriwa asifanye kazi nzito kwa wiki sita hadi nane. Hesabu ni elfu sabini kwa wiki, kwa hiyo wiki nane ni 560,000. Hicho ndicho kilichoizuia operesheni ya makumi ya mamilioni ya shilingi, ambayo fedha zake zilikwisha kuwa na mlipaji. Bima ilikuwa tayari kulipa daktari wa upasuaji, dawa, kitanda na vipimo. Hakuna kifungu chochote cha kulipa hesabu ya pikipiki.

Suluhisho lilipatikana palepale kijiweni, wala halikutoka kwangu. Mwenzake mmoja hakuwa na pikipiki. Angeendesha kama deiwaka, yaani dereva wa muda, miezi miwili, apeleke hesabu kwa bosi, kinachozidi kiwe chake. Kazi yangu ilikuwa kumwendea bosi na barua yenye muhuri wa hospitali ili akubali dereva mwingine bila kuvunja mkataba. Alikubali siku hiyohiyo. Akauliza tu kama kijana akipona ataweza kuendesha tena.

Swali hilo la bosi lilikuwa pia la wakwe. Kaka alikuwa ameshatoa sehemu ya mahari. Baba wa mchumba aliposikia akasema hamwozeshi mwanawe kwa mwanamume nusu, na pale kijiweni wenzake walishamtania kuhusu nguvu za kiume. Utani huu tusiuchukulie kama ujinga wa kuchekwa. Kwa kijana asiye na elimu kubwa wala ardhi, mwili ndio mtaji: ndio unaoendesha pikipiki, ndio unaoolea. Daktari alikaa na wakwe nusu saa. Aliwaeleza kwamba figo iliyobaki hukua na kuchukua sehemu kubwa ya kazi ya mwenzake, na kwamba nguvu za kiume hazikai kwenye figo. Hakuwaficha kwamba hatari ipo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014 ulikadiria kuwa kati ya wachangiaji 10,000, 90 hupata ugonjwa wa figo wa hatua ya mwisho maishani mwao, wakati kwa watu wenye afya kama yao wasiochangia ni 14. Kwa umma kwa jumla, wenye afya na wagonjwa pamoja, ni 326.

Tarakimu hizo ni za nchi ambako aliyewahi kutoa figo hupewa kipaumbele kwenye orodha ya kitaifa akija kuhitaji naye. Huku hakuna orodha, kwa hiyo hakuna mbele ya kumpeleka. Kaka aliuliza jambo hilo kwa maneno yake mwenyewe, "Na mimi zikinifia, mtanitafutia nani?", na hakuna aliyekuwa na jibu. Aliweka sahihi pamoja na hilo. Naona tuna deni kwa watu kama yeye: kumpima presha na mkojo kila mwaka bure, na bima isiyotegemea pikipiki. Kwa sasa akitoka wodini anapewa tarehe ya kliniki moja au mbili, kisha ni raia kama raia wengine.

Majibu ya tishu yalitoka. Amelingana naye kikamilifu. Krosimachi hasi.

Baada ya figo kukubali

Operesheni haina mengi ya kusimulia. Mkojo ulianza kutoka kabla jeraha halijafungwa, kreatinini ikashuka ndani ya siku chache, kaka akatoka wodini ndani ya wiki. Magumu ya kijamii yalirudi kwa mlango mwingine.

Ili mwili usiikatae figo, anameza takrolimasi, maikofenoleti na prednisoloni. Hii ya mwisho ilimjaza mashavu, ikamletea chunusi na vinyweleo, na kwa binti wa miaka 21 kioo kina nguvu kuliko maelezo ya mfamasia. Vijana hupoteza figo zilizopandikizwa kwa kuacha dawa kuliko watu wazima, hata mahali ambapo dawa ni bure. Oxford, Uingereza, walichapisha mwaka 2012 habari za vijana wao waliohamishwa kutoka kliniki ya watoto kwenda ya watu wazima. Kati ya 9 waliohamishwa tu kama faili linavyohamishwa, 6 walipoteza figo. Baadaye walifungua kliniki ya vijana peke yao, yenye mtu wa kuwasaidia na sehemu ya mikutano yao nje ya hospitali, na kati ya 12 waliopitia huko hakupoteza hata mmoja. Ni idadi ndogo, lakini dawa zilikuwa zilezile. Sisi binti tunamkalisha benchi moja na wazee wa miaka sitini, na mwanamke mwenzake wa umri wake wa kumuuliza habari za chunusi hayupo.

Kuna na suala la uzazi. Maikofenoleti huharibu mimba na kulemaza mtoto, kwa hiyo anayetaka kuzaa lazima abadilishiwe dawa mapema, angalau wiki sita kabla ya kushika ujauzito, na kwa kawaida baada ya mwaka au zaidi tangu apandikizwe. Hili halimwambii tu habari za uzazi wa mpango, linamtaka pia amwambie mchumba, na mchumba amwambie mama yake. Mjomba, ambaye sasa jina lake tumeliandika kwa mkono pembeni ya fomu, amesema posa yoyote itakayokuja itapita kwake kwanza na yeye ndiye atakayeeleza. Sina hakika kama binti anafurahia mpango huo. Nitamuuliza tukiwa wawili.

Kubwa zaidi ni kadi. Hata Marekani, kwa miaka mingi, Medicare, bima ya afya ya serikali yao, ililipia dawa za waliopandikizwa figo kwa miezi 36 tu kama hawakuwa na sababu nyingine ya kuwa na bima hiyo. Vijana walipofika mwisho wa miezi hiyo waligawa vidonge nusu nusu, wengine wakapoteza figo na kurudishwa kwenye mashine ambayo bima hiyohiyo iliilipia. Utaratibu wa kuendelea kulipia dawa hizo ulianza Januari 1, 2023. Ilichukua miongo kuona kwamba ni rahisi kulinda figo kuliko kulipia mashine.

Binti amerudi darasani, yupo mwaka wa mwisho. Anamaliza mitihani mwezi wa saba, na usajili wake wa chuo ukifika kikomo kadi nayo inakoma. Tumeandika barua tatu: kwa mfuko wa bima kuomba aingizwe kama mwanachama binafsi bila kipindi cha kusubiri, kwa halmashauri ya wilaya yao kuomba atambuliwe kuwa ni mwenye ugonjwa wa kudumu, na kwa chuo kuuliza kama kuna kozi fupi anayoweza kusajiliwa mwezi wa kumi. Dawa alizonazo zinatosha mpaka mwisho wa mwezi wa tisa.